Barua za Maiti ni Mali ya Nani?

Mapenzi ya washairi ni habari isiyochakaa. Tangu zamani watu hupenda kujua nani aliyetungiwa shairi, na kwa nini, na je, alilipokea kwa kucheka au kwa kulia? Mtunzi akishakufa, hamu hiyo haifi naye, bali huzidi. Wanaobaki hupekua masanduku na kuuliza wazee, huku wakinong'onezana. Siri ya mtungi aijuaye ni kata. Lakini kata nayo ikishavunjika, ni nani atakayetueleza?

Senema iitwayo Possession, iliyotolewa mwaka 2002 na kuongozwa na Bwana Neil LaBute wa Marekani, imejengwa juu ya hamu hiyo. Asili yake ni kitabu chenye jina hilo hilo kilichoandikwa na Bibi A. S. Byatt wa Uingereza, aliyezaliwa mwaka 1936 na kufariki mwaka 2023. Kitabu kilichapishwa mwaka 1990, na mwaka huo huo kikapata tuzo ya Booker, ambayo kwa Waingereza ni ya daraja kubwa. Senema sasa ina miaka zaidi ya ishirini, lakini ingali ikitazamwa majumbani. Sisi twaona kuwa swali lililomo ndani yake latuhusu hata sisi wa pwani hii, wenye masanduku ya mababu yaliyojaa karatasi ambazo wengi wetu hatujapata kuzifungua.

Swali lenyewe ni hili: mtu akifa akaacha barua za siri, barua hizo ni za nani? Ni za aliyeandika, au aliyeandikiwa? Ni za watoto, au za mtaalamu aliyeziona kwanza? Au ni za umma wote?

KISA CHENYEWE

Roland Michell ni kijana Mmarekani afanyaye kazi London ya kumsaidia profesa mmoja anayechungua maisha ya mshairi mkubwa wa zama za Malkia Victoria, aitwaye Randolph Henry Ash. Siku moja, ndani ya maktaba iitwayo London Library, Roland akifungua kitabu kikuukuu kilichokuwa mali ya Ash, aona barua mbili zimekunjwa humo. Ni barua zilizoanzwa, hazikumalizwa, za Ash kumwandikia mwanamke asiyekuwa mkewe. Na Ash alisifika kwa kuwa mume mwaminifu asiye na doa.

Roland huzichukua zile karatasi, akazitia katika mali yake, akatoka nazo. Hakumwambia mkutubi, wala hakumwambia profesa wake.

Katika kumtafuta yule mwanamke, nyayo zampeleka kwa Christabel LaMotte, mshairi wa zama zile zile, na kwa bibi msomi aitwaye Maud Bailey, ambaye kazi yake ni kuchungua maisha na tungo za Christabel, na ambaye pia ni wa ukoo wake. Roland amechezwa na Aaron Eckhart, na Maud na Gwyneth Paltrow. Washairi wale wawili wa kale wamechezwa na Jeremy Northam na Jennifer Ehle, na kwa maoni yetu hao ndio walioibeba senema.

Basi wataalamu hawa wawili wanafuata barua moja hadi nyingine, nyumba moja hadi nyingine, mpaka Yorkshire na mpaka Ufaransa. Kila wanapofichua jambo la wale wa kale, mioyo yao wenyewe nayo inasogeleana. Senema yaruka kutoka zama hizi hadi mwaka 1859 na kurudi, na mara nyingine mlango unaofungwa na wa leo unafunguliwa na wa jana. Hilo limefanywa kwa ustadi.

Mwisho wake ni kwamba Christabel alizaa mtoto wa kike kwa siri, akalelewa na dada yake kama mwanawe. Ash aliyesakwa na majuto alipata kumwona mtoto huyo mara moja tu, kondeni, akazungumza naye, akampa salamu za kumpelekea mama yake ambaye mtoto alidhani ni khalati. Mtoto akacheza njiani, salamu zikasahauliwa. Na Maud, yule msomi aliyekuwa akichungua maisha ya watu wengine, agundua kuwa alikuwa akichungua nasaba yake mwenyewe.

Ash na Christabel hawakuwako duniani. Bi. Byatt aliwabuni. Lakini hakubuni katika hewa tupu: kwa Ash alimtazama Robert Browning na wenzake, na kwa Christabel alimtazama Christina Rossetti na wanawake wengine walioandika zama zile. Akawatungia wote wawili barua, na juu ya barua akawatungia mashairi, kurasa kwa kurasa, kila mmoja kwa sauti yake. Kazi hiyo si ya mchezo. Mtunzi mmoja kusema kwa ndimi mbili, moja ya kiume na moja ya kike, na zote za karne ya kumi na tisa, ni jambo ambalo mshairi yeyote wa Mombasa au Lamu angelivulia kofia.

SENEMA YA WASHAIRI, MASHAIRI YAKO WAPI?

Hapo ndipo lawama yetu ya kwanza inapoangukia. Bwana LaBute na wenziwe walioandika senema wameyatupa karibu mashairi yote. Watazamaji waambiwa kwamba Ash ni mshairi mkubwa, lakini hawapewi nafasi ya kusikia ukubwa wake. Waona farasi, waona maporomoko ya maji, waona kitanda. Ubeti hawausikii ila kwa kudokezwa.

Watetezi wa senema watasema kwamba muda ni mfupi, kwa kuwa senema yenyewe haizidi sana saa moja na dakika arubaini, na kwamba mashairi marefu yangewalaza watazamaji. Hoja hii twaifahamu. Lakini tazameni hili: barua za Ash na Christabel zilifichwa katika nyumba kubwa ya kale, ndani ya kitanda cha wanasesere. Maud alijuaje kuwa zimo humo? Alikumbuka shairi la Christabel linalosema juu ya wanasesere wanaotunza siri. Wengine wote walikuwa wamelisoma kama shairi la watoto. Yeye alilisoma kama mtu anayesema naye, akaenda moja kwa moja, akainua godoro dogo, akazikuta.

Kwa hivyo ufunguo wa siri ulikuwa ni ubeti. Mkutubi hakuujua, wala wakili, wala tajiri mwenye fedha za kununua kila kitu. Senema yenyewe yakiri hivyo, kisha yaenda mbio kukimbilia mahaba. Sisi twaona hapo imeacha mbachao kwa msala upitao. Huba ya washairi haitofautiani na huba ya wauza samaki. Kinachowatofautisha ni walichokifanya kwayo, yaani tungo. Atakayekuja kutuambia nani alilala na nani, bila ya kutuonyesha kilichotungwa, ametuletea maganda akala tunda.

Na lawama ya pili ni ndogo, lakini tuitaje. Katika kitabu, Roland ni kijana wa Kiingereza, fukara, mnyenyekevu, anayeogopa hata kivuli chake. Senema imemgeuza Mmarekani mwenye kifua na mzaha. Wakati huo huo, katika kitabu, Mmarekani mkuu ni Profesa Cropper, tajiri anayezunguka na fedha akinunua kila kipande cha karatasi cha Ash ili akipeleke kwao. Maana ya Bi. Byatt ilikuwa wazi: mali ya ulimi wa nchi moja inanunuliwa na nchi nyingine. Senema ilipomfanya shujaa naye kuwa Mmarekani, ncha ya mkuki huo imebutuka.

WIZI UNAOCHEKEWA

Sasa tuje kwenye jambo zito. Kisa chote kinaanza kwa wizi. Kitu cha maktaba kimetiwa mfukoni. Watazamaji wanatabasamu kwa kuwa mwizi ni kijana mzuri wa sura na nia. Lakini Cropper akitaka barua hizo hizo, tunaambiwa tumchukie. Je, tofauti ni nini? Kwamba mmoja anapenda na mwingine ananunua? Sheria haiulizi hivyo, na dini vilevile.

Waingereza walilitatua jambo hili kitambo. Mwaka 1741 mshairi Alexander Pope alimshitaki mwuza vitabu aitwaye Edmund Curll kwa kuchapa barua zake bila ya idhini. Hakimu akakata shauri kwamba aliyepelekewa barua ana haki ya karatasi, lakini maneno yaliyomo yabaki kuwa ya aliyeandika. Tangu hapo ndivyo ilivyo: waweza kuwa na barua ya mtu sandukuni mwako maisha yako yote, ukairithisha, hata ukaiuza, lakini huwezi kuichapa bila ya ruhusa ya mwenye maneno au warithi wake, mpaka muda wa haki yao uishe. Katika Kenya, Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 yaweka muda huo kuwa maisha ya mtunzi na miaka 50 baada ya mwaka aliokufa.

Twaiona hukumu ile kuwa ya busara, kwa kuwa inakubaliana na jambo tulilofunzwa chuoni tungali wadogo: amana. Mtu akikuwekea kitu, hukuwa mwenyewe, u mlinzi. Barua ni amana mara mbili: karatasi ni amana na siri ni amana. Anayeirejesha karatasi akaitangaza siri amerejesha nusu.

KABURI LA HIGHGATE

Kilele cha senema ni usiku makaburini. Ash alipokuwa mahututi, Christabel alimwandikia barua ya mwisho ya kumweleza habari za mtoto. Barua hiyo ikatiwa kisandukuni, ikafukiwa pamoja na Ash. Cropper aja usiku na sepetu kufukua kaburi. Roland na Maud wanawahi kumzuia. Watazamaji wanashusha pumzi. Lakini nani alitanabahi linalofuata? Wale wema nao wanakifungua kisanduku na kuisoma barua.

Wasomaji wetu wengi watasema hili la kufukua maiti kwa ajili ya karatasi ni uzushi wa senema, kwamba mtu mwenye akili hawezi kulifanya. Ole wetu! Lilifanyika kweli, na aliyelifanya alikuwa mshairi.

Dante Gabriel Rossetti, ndugu wa yule Christina tuliyemtaja, alikuwa mchoraji na mshairi wa London. Mkewe, Elizabeth Siddal, alifariki mwezi wa Februari mwaka 1862 kwa kunywa dawa ya afyuni kupita kiasi. Kwa uchungu, Rossetti alichukua daftari la mashairi yake ambayo hayakuwa na nakala nyingine kamili, akalitia ndani ya jeneza kando ya nywele za marehemu, likazikwa naye katika makaburi ya Highgate. Watu walilisifu tendo hilo. Mshairi amezika mashairi yake na mpenzi wake. Kuna mapenzi makubwa zaidi ya hayo?

Miaka saba ikapita. Uchungu ukapoa, na hamu ya sifa ikapanda. Mwezi wa Oktoba mwaka 1869, kwa kibali cha serikali, marafiki wa Rossetti wakiongozwa na Charles Augustus Howell walifukua kaburi lile usiku, wakalitoa daftari. Rossetti mwenyewe hakuwako. Daftari likapelekwa kwa daktari kusafishwa kwa dawa; mdudu alikuwa ametoboa kurasa. Mwaka 1870 mashairi yakachapishwa, na yalinunuliwa kwa wingi.

Zingatieni basi. Maneno yalikuwa yake Rossetti. Sheria ilimpa kibali. Kitabu kilipendeza watu. Kwa kila hesabu ya dunia hakuiba. Hata hivyo, ni nani asiyehisi mwili ukimsisimka? Alichokwisha kumpa maiti amemnyang'anya. Kwetu heshima ya aliyezikwa haipungui kwa kuwa hana mdomo wa kudai. Na zawadi iliyotolewa haiombwi kurudishwa. Bi. Byatt alikijua kisa hiki bila ya shaka, na ndiyo sababu kisa chake cha Cropper kina uzito.

NJIA YA BROWNING

Lakini tusiende pembe ya pili na kusema kila barua ichomwe. Wako waliofanya hivyo pia. Bwana mkubwa Byron alipofariki mwaka 1824, aliacha habari za maisha yake alizoziandika kwa mkono wake. Rafiki zake na mchapaji wake, John Murray, wakakutana London mwezi wa Mei mwaka huo, wakazitia motoni nyumbani kwa Murray, kwa kuogopa aibu. Hadi leo hakuna ajuaye hasa mlikuwa na nini. Sitara ilipatikana, lakini kwa bei ya maneno ambayo mwenyewe alitaka yabaki.

Kati ya sepetu la Rossetti na moto wa Murray kuna njia ya tatu, na aliyeionyesha ni yule Robert Browning aliyemkopesha Ash sura yake. Tangu mwezi wa Januari 1845 hadi Septemba 1846, Browning na Elizabeth Barrett, mshairi mwenzake, waliandikiana barua zaidi ya 570. Baba yake Elizabeth hakutaka mtoto wake yeyote aolewe, kwa hiyo waliishi kwa karatasi mpaka siku walipooana kwa siri na kuondoka kwenda Italia. Elizabeth alifariki mwaka 1861. Mumewe alizitunza barua zao hadi yeye mwenyewe alipofariki mwaka 1889. Barua zake nyingine aliziteketeza, lakini hizi aliziacha mikononi mwa mwanawe, afanye aonavyo.

Yule mwana, baada ya kufikiri miaka kumi, alizichapa mwaka 1899. Kulikuwa na waliomlaumu, wakisema amewavua nguo wazee wake hadharani. Lakini tazameni mpango ulivyokuwa: mwenye maneno alijua, alichagua ya kubaki na ya kuteketea, akamkabidhi mrithi, na mrithi akangoja. Hakuna aliyeibiwa. Leo barua zenyewe zimehifadhiwa katika chuo cha Wellesley huko Marekani, na mtu yeyote aweza kuona jinsi adabu na mahaba yanavyoweza kukaa katika sentensi moja.

Hiyo ndiyo kanuni tunayoipendekeza. Siri ya marehemu isifichuliwe kwa sababu mtu amependa tu kujua, wala isiangamizwe kwa sababu mtu ameona haya. Iulizwe: alitaka nini mwenyewe? Kama hakusema, waulizwe warithi. Kama warithi hawako, basi atazame anayetaka kuifungua: itamfaa nani? Katika senema yetu, pana jambo moja linaloitetea barua ya Christabel. Bila ya barua ile Maud asingejua yeye ni nani. Na nasaba si uvumi wa barazani. Mtu ana haki ya kuijua damu yake, na mama ana haki ya kujulikana kuwa ni mama. Barua ile ilifungwa kwa maiti, lakini ilikuwa na haki ya aliye hai ndani yake. Hiyo ndiyo tofauti ya Maud na Cropper ambayo senema imeiona lakini haikuisema kwa ukamilifu: Cropper alitaka kumiliki, Maud alikuwa akidaiwa kurithi. Na neno lile la Kiingereza lililo jina la senema lina maana zote hizo, kumiliki na kumilikiwa, hata kupagawa.

NA SISI JE?

Hapana msomaji wa ukurasa huu asiyejua kwamba pwani yetu nayo ina Roland wake na Cropper wake. Mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa yalikuwa vinywani mwa watu na katika vipande vya karatasi, mpaka Mwalimu Sikujua bin Abdallah alipoyakusanya na kuyaeleza, akishirikiana na kasisi wa Kiingereza, W. E. Taylor, mwishoni mwa karne ya kumi na tisa. Karatasi hizo zikaishia London. William Hichens akazitumia kutoa Diwani ya Muyaka iliyopigwa chapa Johannesburg mwaka 1940. Ilipofika mwaka 1979 ndipo Profesa Mohamed Hassan Abdulaziz alipotoa kitabu chake juu ya Muyaka mjini Nairobi. Yaani maneno ya mtu wa Mombasa yalizunguka dunia kabla ya kurudi karibu na nyumbani.

Je, Taylor alikuwa mwizi? La. Bila ya yeye na Sikujua, huenda tungekuwa na beti chache tu za kubahatisha. Twamshukuru. Lakini yafaa jina la Sikujua litajwe kila linapotajwa la Taylor, maana kata iliyoujua mtungi ndiyo yeye. Vivyo hivyo, miongoni mwa nakala kongwe za tenzi zetu ziko zilizohifadhiwa Hamburg, Ujerumani, na J. W. T. Allen alikusanya hati nyingi akaziweka katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na orodha yake ilichapwa mwaka 1970. Hizo zilikuta mahali pa kukaa. Zilizoliwa na mchwa hatuzijui hesabu.

Tena wako wanaosema kwamba kwetu mambo ya nyumbani hayatoki nje, na karatasi za bibi zetu zibaki gizani. Hao tungewakumbusha Mwana Kupona binti Mshamu. Mwaka 1858, akiwa mgonjwa, alimtungia bintiye utendi wa wasia. Kuna jambo la ndani kuliko mama mgonjwa kumuusia binti yake? Lakini wasia ule ulinakiliwa na wanawake, ukahifadhiwa kwa moyo, na leo wasomwa Lamu, Mombasa, Unguja na ughaibuni. Umetoka nje bila ya kuvunja heshima ya mwenyewe hata chembe, kwa kuwa ulitoka kwa mikono ya waliompenda.

Na wako wengine, wabaya zaidi, wanaouza. Mgeni aja na kamera na maneno laini, aona mswada wa babu umefungiwa kitambaa juu ya kabati, atoa noti kadhaa. Mwenye nyumba afurahi, mswada waondoka. Hana nakala, hana risiti, hana jina la alikoupeleka. Mjukuu akija kuuliza, ataambiwa kulikuwa na Mzungu, au kulikuwa na Mwarabu, au kulikuwa na kijana wa Nairobi. Huyo ndiye Cropper, na hana haja ya sepetu, maana kaburi amefunguliwa na wenyewe.

Mfano mwema tunao. Hati za Msikiti wa Riyadha, Lamu, zilipigwa picha kwa msaada wa mpango wa Maktaba ya Uingereza wa kuhifadhi nyaraka zilizo hatarini. Picha zaweza kuonwa na wataalamu popote walipo. Hati zenyewe zimebaki Lamu kwa wenyewe. Hakuna aliyeiba, hakuna aliyenunua, na moto ukitokea, Mungu apishe mbali, si yote yatakayopotea.

MAMBO YA KUFANYA

Kwa hivyo twatoa shauri kwa kila nyumba yenye sanduku la kale. Kwanza, lifungueni. Mwiteni mzee ajuaye kusoma hati za Kiarabu kabla hajaondoka, kwani vijana wetu wengi sasa husoma Kiswahili kwa herufi za Kirumi peke yake, na mswada usiosomeka ni sawa na uliochomwa. Pili, andikeni juu ya karatasi nyingine: hii ni ya nani, ameitoa wapi, na je, alitaka isomwe? Tatu, pigeni picha, na simu za leo zatosha kwa hilo. Nne, mtu akitaka kuichukua kuichungua, achukue picha. Asili isitoke mlangoni bila ya maandishi na mashahidi. Na likitoka humo jambo la aibu, mkae wenye ukoo mshauriane kwa utulivu kabla ya kuwasha moto. Moto hauna majuto.

Kwa wasomi nao, na wengi wao sasa ni watoto wetu wenyewe walio vyuoni Nairobi, Mombasa na ng'ambo, twasema: msianze na kitanda cha mshairi, anzeni na ubeti wake. Maud alizipata barua kwa kuwa alilijua shairi. Aliyetafuta barua kabla ya shairi alipata sepetu na tope.

Na kwa yeyote atakayeitazama senema hii, tunamwambia aitazame. Si mbaya, na sura ya mwisho, ya mtoto kondeni na salamu zilizosahauliwa, itamgusa. Salamu zile zilipotea kwa kuwa zilipewa mtoto aliyekuwa hajui thamani yake, naye akavutwa na michezo. Sisi hatuna udhuru huo. Tumekabidhiwa salamu za wazee wetu tukiwa watu wazima, na tunajua ni za nani.